Itazame Namba Kabla ya Kuigawa

Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Mkulima wa Litein au Silibwet akipanda chai kwa nafasi ya futi 4 kati ya mstari na mstari, na futi 2 na nusu kati ya mche na mche, kila mche unachukua futi 10 za mraba, na ekari yake inabeba miche 4,356. Sasa chukulia kwamba namba hiyo imetoka shambani na kuingia katika karatasi yako ya Hisabati: bila kikokotoo wala jedwali, tafuta kipeuo cha pili cha 4356, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 4356.

Mwanafunzi mmoja ataanza kubahatisha: 62 mara 62, hapana, 64 mara 64, hapana. Mwingine atanyamaza kidogo aitazame namba. Tarakimu mbili za mwisho ni 56, nayo 56 inagawanyika kwa 4; basi 4356 ÷ 4 = 1089. Tarakimu za 1089 zikijumlishwa zinatoa 18, basi inagawanyika kwa 9: 1089 ÷ 9 = 121, na 121 ni 11 × 11. Kwa hiyo 4356 = 4 × 9 × 121, na kipeuo chake ni 2 × 3 × 11 = 66. Amemaliza, na hatua zake zote ziko kwenye karatasi mbele ya msahihishaji.

Wa pili hakumzidi wa kwanza akili. Amemzidi mazoea ya kuitazama namba kabla ya kuigawa. Mwongozo huu ni wa kukupa mazoea hayo.

Kwa nini ujisumbue na somo la Kidato cha Kwanza

Katika silabasi ya 8-4-4, kanuni za kugawanyika zilifundishwa mwanzo kabisa wa Kidato cha Kwanza, pamoja na vigawo. Kwa kuwa ni somo la mapema, wengi waliliona dogo na kuliacha huko huko. Miaka mitatu baadaye wanaketi kwa KCSE, na kila karatasi ya Hisabati ina alama 100 kwa saa mbili na nusu. Piga hesabu: dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama 3 lina haki ya dakika nne na nusu tu. Tena swali la kwanza la Karatasi ya Kwanza mara nyingi hukukataza kutumia kikokotoo na jedwali. Hapo ndipo kanuni hizi zinapokulipa.

Kwa walio katika mtaala mpya, wanaofanya KPSEA Gredi ya 6 au KJSEA Gredi ya 9, ambayo ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, haja ni ile ile. Sehemu, uwiano, vipeuo na mafumbo ya siku na magunia yote yanaanza kwa kujua namba inagawanyika kwa nini.

Karatasi itakuja kwa Kiingereza, sawa. Lakini sababu ukiielewa kwa Kiswahili unachokitumia sokoni Kapkatet, utaitambua kwa lugha yoyote itakayokujia.

Sababu kwanza, kanuni baadaye

Kanuni iliyokaririwa bila sababu hukukimbia ndani ya chumba cha mtihani. Unajikuta unajiuliza: ile ya 4 ni tarakimu mbili za mwisho au tatu? Ile ya 11 ni kujumlisha au kutoa? Ukijua sababu, utaitengeneza kanuni upya pale pale ulipoketi. Nayo sababu ni moja tu: kila tarakimu ina thamani ya mahali ilipokaa.

Chukua 4752. Hiyo ni maelfu 4, mamia 7, makumi 5 na mamoja 2. Jiulize: 1000 ikigawanywa kwa 9 inabaki ngapi? 1000 ni 999 na 1, na 999 inaisha kabisa kwa 9, inabaki 1. 100 ni 99 na 1, inabaki 1. 10 ni 9 na 1, inabaki 1. Kwa hiyo maelfu 4 yanabakiza 4, mamia 7 yanabakiza 7, makumi 5 yanabakiza 5, na mamoja 2 yapo. Kusanya mabaki: 4 + 7 + 5 + 2 = 18. Kwa kuwa 18 inagawanyika kwa 9, namba nzima inagawanyika. Ndiyo maana kwa 9 tunajumlisha tarakimu. Na kwa kuwa 999, 99 na 9 zote zinagawanyika pia kwa 3, njia hiyo hiyo inafaa kwa 3.

Sasa 4. Namba 100 ni 25 × 4, haibakizi kitu. Basi mamia yote, maelfu yote na yaliyo juu yake hayana neno; yanayobaki kukaguliwa ni makumi na mamoja, yaani tarakimu mbili za mwisho. Kwa 8, mia bado inabakiza, lakini 1000 ni 125 × 8. Basi tunatazama tarakimu tatu za mwisho. Hutachanganya tena mbili na tatu.

Na 11? Kumi ni 11 kasoro 1. Mia ni 99 na 1. Elfu ni 1001 kasoro 1, na 1001 inagawanyika kwa 11. Mahali pamoja panazidi 1, panapofuata panapungua 1. Ndiyo maana kwa 11 tunapishanisha: jumlisha, toa, jumlisha, toa.

Blaise Pascal, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, alilieleza wazo hili kwa ujumla wake: ukijua mabaki ya 10, 100, 1000 na kuendelea, unaweza kujitengenezea kanuni ya kigawanyo chochote upendacho.

Kanuni zenyewe, kwa makundi

Usizipange kutoka 2 hadi 11 kama orodha ya kukariri. Zipange kwa sababu zake.

*Zinazotazama mwisho wa namba.* Kwa 2, tarakimu ya mwisho iwe shufwa: 0, 2, 4, 6 au 8. Kwa 5, iwe 0 au 5. Kwa 10, iwe 0. Kwa 4, tarakimu mbili za mwisho zigawanyike kwa 4. Kwa 25, namba iishie 00, 25, 50 au 75. Kwa 8, tarakimu tatu za mwisho zigawanyike kwa 8.

*Zinazojumlisha tarakimu.* Kwa 3, jumla igawanyike kwa 3. Kwa 9, jumla igawanyike kwa 9.

*Inayopishanisha.* Kwa 11, anza kulia: tarakimu ya mwisho, toa inayofuata, jumlisha inayofuata, endelea. Ukipata 0, 11, 22 au namba kama hizo, hata zikiwa hasi, inagawanyika. Kwa 4752: 2 − 5 + 7 − 4 = 0. Inagawanyika.

*Zinazounganishwa.* Kwa 6, ipite 2 na 3. Kwa 12, ipite 3 na 4. Kwa 15, ipite 3 na 5. Kwa 18, ipite 2 na 9. Kwa 36, ipite 4 na 9.

*Ya 7, inayosimama peke yake.* Chukua tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 5, kisha ijumlishe na namba iliyobaki kushoto. Kwa 532: 53 + (2 × 5) = 63, na 63 ni 9 × 7. Basi 532 inagawanyika kwa 7. Namba ikiwa kubwa, rudia: 1848 inakuwa 184 + 40 = 224, kisha 22 + 20 = 42. Inagawanyika. Kanuni hii ilijulikana sana mwaka 2019, pale Chika Ofili, mvulana Mnigeria wa miaka 12 aliyekuwa akisoma London, alipoibuni mwenyewe na kutuzwa. Kitabu alichopewa cha kufanyia kazi likizoni kilikuwa na kanuni za namba nyingine, hakikuwa na ya 7. Hakuishia kusema haipo, aliitafuta. Wewe pia ukikuta pengo katika kitabu chako, lichukulie kuwa ni kazi uliyoachiwa.

Maswali matano, hatua kwa hatua

*1. Kurahisisha sehemu.* Rahisisha 1848/2772. Usianze kukata kwa 2, tena 2, tena 3, ukichafua karatasi. Tazama kwanza. Mwisho ni 48 na 72: zote mbili zinagawanyika kwa 4. Jumla za tarakimu ni 21 na 18: zote zinagawanyika kwa 3. Kwa 11: 8 − 4 + 8 − 1 = 11, na 2 − 7 + 7 − 2 = 0: zote zinapita. Kata kwa 4: 462/693. Kata kwa 3: 154/231. Kata kwa 11: 14/21. Kata kwa 7: 2/3.

*2. Kigawe kidogo cha shirika.* Familia moja ina mashamba matatu ya chai. La kwanza huchumwa kila baada ya siku 8, la pili siku 10, la tatu siku 12. Leo yote yamechumwa. Yatachumwa tena siku moja baada ya siku ngapi? Tunatafuta namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa 8, 10 na 12. Vunja kila moja hadi namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na zenyewe: 8 = 2 × 2 × 2; 10 = 2 × 5; 12 = 2 × 2 × 3. Chukua kila namba tasa kwa wingi wake mkubwa zaidi: 2 × 2 × 2 × 3 × 5 = 120. Kagua: 120 inagawanyika kwa 8, inaishia 0 kwa hiyo inapita 10, na inapita 3 na 4 kwa hiyo inapita 12. Jibu ni siku 120.

*3. Kigawo kikubwa cha shirika.* Kitalu kina miche 1,188 ya 6/8, aina inayojulikana sana huku kwetu, na miche 756 ya TRFK 306, chai ya zambarau iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011. Miche ipangwe katika makreti yenye idadi sawa, bila kuchanganya aina wala kubakiza. Kreti moja litabeba miche mingi zaidi kiasi gani? Zote zinaishia kwa namba zinazogawanyika kwa 4: 1188 ÷ 4 = 297, na 756 ÷ 4 = 189. Jumla ya tarakimu za 297 ni 18, na za 189 ni 18: gawa kwa 9, upate 33 na 21. Bado zote zinagawanyika kwa 3: upate 11 na 7. Hapo hakuna tena cha pamoja. Jibu ni 4 × 9 × 3 = 108. Makreti ni 11 ya 6/8 na 7 ya zambarau.

*4. Tarakimu iliyofichwa.* Namba 5a3b ina tarakimu nne na inagawanyika kwa 36. Tafuta thamani zote za a na b. Kwa kuwa 36 = 4 × 9, namba ipite kanuni zote mbili. Anza na 4, kwa sababu inagusa b peke yake: 3b iwe 32 au 36, basi b ni 2 au 6. Sasa 9: jumla ni 8 + a + b. Kama b ni 2, jumla ni 10 + a, basi a ni 8. Kama b ni 6, jumla ni 14 + a, basi a ni 4. Namba ni 5832 na 5436. Watahiniwa wengi huandika jibu la kwanza wakafunga swali. Neno "zote" limewekwa pale kwa sababu. Lipigie mstari unaposoma.

*5. Je, ni namba tasa?* Chukua 391. Huhitaji kujaribu kila namba. Kwa kuwa 20 × 20 = 400, jaribu namba tasa zilizo chini ya 20 tu; ikiwa ina kigawo kikubwa zaidi ya hapo, lazima kiwe na mwenzake mdogo. Si shufwa. Jumla ni 13, haipiti 3. Haiishii 0 wala 5. Kwa 7: 39 + 5 = 44, hapana. Kwa 11: 1 − 9 + 3 = −5, hapana. Kwa 13: 390 ni 13 × 30, inabaki 1. Kwa 17: 340 ni 17 × 20, na 51 ni 17 × 3. Ndiyo: 391 = 17 × 23. Si namba tasa. Aliyechoka baada ya 11 akaandika "ndiyo" amekosa kwa kuacha hatua mbili.

Kulikagua jibu lako

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu wanaopeleka majani kituoni wanalijua hilo: karani akishapima, unaitazama risiti kabla ya kuondoka mizanini, kwa maana mwisho wa mwezi malipo yatafuata kilichoandikwa. Jibu la mtihani nalo lipimwe tena kabla hujaligeuzia ukurasa.

Tuseme swali linasema mkulima aliuza kilo 3,267 za majani mabichi, na kila kilo ni shilingi 24. Jumla ya tarakimu za 3267 ni 18. Basi namba hiyo ni kigawe cha 9, na zao lolote lake lazima ligawanyike kwa 9. Umepata 78,418? Jumla ya tarakimu ni 28. Haipiti, kuna kosa. Rudia: 78,408, jumla ni 27. Inapita.

Lakini kipimo cha 9 kina udhaifu wake. Ukigeuza tarakimu kwa haraka ukaandika 78,480, jumla bado ni 27, na kosa linapenya. Hapo ita 11. Namba 3267 inagawanyika kwa 11, kwa sababu 7 − 6 + 2 − 3 = 0. Basi jibu nalo ligawanyike. Kwa 78480: 0 − 8 + 4 − 8 + 7 = −5, kosa limenaswa. Kwa 78408: 8 − 0 + 4 − 8 + 7 = 11, ni sawa. Kanuni ya 9 haijali tarakimu zimepangwaje. Ya 11 hujali. Zikifanya kazi pamoja, ni makosa machache yatakayozipita. Kumbuka tu kwamba kupita kipimo hakuthibitishi jibu kuwa sahihi, lakini kushindwa kipimo kunathibitisha kwamba limekosewa.

Katika maswali ya kuchagua, kipimo hiki ni msaada mkubwa zaidi. Ikiwa jibu lazima ligawanyike kwa 9 na chaguo moja tu kati ya manne linapita, umemaliza kabla hujazidisha.

Mitego ya kuepuka

Mtego mkubwa ni wa kuunganisha kanuni. Kwa 24, wengi hujaribu 4 na 6 kwa kuwa 4 × 6 = 24. Jaribu 36: inagawanyika kwa 4, inagawanyika kwa 6, lakini haigawanyiki kwa 24. Sababu ni kwamba 4 na 6 zina 2 ya pamoja, na umeihesabu mara mbili. Chagua jozi isiyo na kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Kwa 24 ni 3 na 8. Kwa 18 ni 2 na 9, si 3 na 6. Kwa 36 ni 4 na 9, si 6 na 6.

Mtego wa pili ni kuazima kanuni. Kujumlisha tarakimu kunafaa 3 na 9. Hakufai 6, wala 7. Namba 33 ina jumla ya 6, na haigawanyiki kwa 6.

Mtego wa tatu ni kuandika jibu bila njia. Ukiandika 66 peke yake huku swali limetaka hatua, umejinyima alama za njia ulizostahili. Andika 4356 = 4 × 9 × 121 ndipo uandike 66.

Mazoezi ya wiki hii

Jaribu haya bila kikokotoo, ukijipimia dakika nne na nusu kwa kila moja.

1. Tafuta kipeuo cha pili cha 5184.
2. Namba 73□8 inagawanyika kwa 11. Tarakimu iliyofichwa ni ipi?
3. Je, 323 ni namba tasa?
4. Ni namba gani ndogo kuliko zote unayoweza kuzidisha nayo 1350 upate namba yenye kipeuo kamili?
5. Ni namba gani ndogo kuliko zote, iliyo kubwa kuliko 3, ambayo ikigawanywa kwa 8, 10 au 12 hubakiza 3 kila mara?

Majibu: 72; 4; hapana, ni 17 × 19; 6; 123.

Kisha, jioni mama akirudi kutoka kituo cha majani, mwombe risiti yake. Chukua kila namba iliyoandikwa pale uipitishe kwa 2, 3, 4, 5, 9 na 11. Fanya hivyo siku sita kwa wiki, dakika tano tu. Kufikia mwisho wa muhula utakuwa umezipima namba nyingi kuliko zilizo katika kitabu chako, na siku ya mtihani namba iliyo mbele yako haitakuwa ngeni.

Mwisho, rudi kwenye ile 4356. Funika ukurasa huu, itafutie kipeuo chake kwenye karatasi tupu, kisha mweleze mdogo wako kwa nini tulijumlisha tarakimu ili kujaribu 9. Akielewa, umeelewa.